Somo la Kikundi: Kijana Wetu Anapolipwa Kuisoma Bahari



Katika vijiji vyetu vya pwani sasa kuna vijana wanaosomea mambo ya bahari. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kinafundisha masomo hayo, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pia. Kabla ya kumaliza, mwanafunzi hutakiwa kwenda kujifunza kazi mahali fulani kwa miezi kadhaa. Wengine huenda kwenye ofisi ya uvuvi ya kaunti. Hapo ndipo maswali huanza nyumbani. Je, atalipwa? Atakaa wapi? Na hiyo kazi ya kuhesabu samaki na matumbawe ina faida gani kwetu sisi tuliochanga karo yake?

Somo hili linafaa kwa mkutano mmoja wa saa mbili. Msomaji mmoja asome kwa sauti, sehemu moja baada ya nyingine, na wengine waulize. Vikundi vya bara msilipite. Penye neno bahari, wekeni mto, ziwa au msitu wenu.

Vitu vya kuwa navyo: kamba ya mita 10, vijiti vinne, daftari na penseli.

1. MFANO WA KUANZIA

Mfano huu ni wa kufundishia tu, lakini wengi mtautambua.

Binti mmoja wa kijiji cha wavuvi yuko mwaka wa tatu chuoni. Mama yake ni mama karanga, anakaanga samaki na kuuza njiani. Binti akapata barua ya kukubaliwa kwenye ofisi ya uvuvi ya kaunti, miezi mitatu, Mei hadi Julai. Barua ilitaja siku ya kuripoti na jina la idara. Habari ya malipo haikuwemo.

Mwenzake wa darasani naye alipata barua kama hiyo. Yule hakuwa na wasiwasi, kwa sababu mjomba wake ana nyumba mjini karibu na ofisi. Binti wetu hana mjomba mjini. Akamwambia mama yake, "Mama, nadhani nitaiacha. Nitafute duka nikae, angalau nipate nauli."

Mama hakumjibu. Jioni alilipeleka neno hilo kwenye kikundi.

Mweka hazina akachukua daftari, wakapiga hesabu pamoja:

Nauli kwenda na kurudi, shilingi 200 kwa siku.
Chakula cha mchana, shilingi 150 kwa siku.
Jumla ya siku moja, shilingi 350. Kwa siku 22 za kazi, ni shilingi 7,700.
Chumba cha kukaa siku ambazo kazi inaanza alfajiri, shilingi 4,000 kwa mwezi.
Jumla ya mwezi mmoja, shilingi 11,700.
Miezi mitatu, shilingi 35,100.

Watu wakanyamaza. Hizo ni pesa za karo. Kumbe ile nafasi ya "bure" ilikuwa inadai shilingi 35,100 kutoka kwa mama anayeuza samaki!

Jadilianeni kidogo: Katika kijiji chenu, hesabu kama hiyo ingekuwa shilingi ngapi? Nani angeweza kuilipa, na nani angeshindwa?

2. KAZI YENYEWE NI NINI?

Kuna jina kubwa, ikolojia ya bahari. Maana yake ni kujua jinsi viumbe vya baharini vinavyoishi pamoja na kutegemeana, na jinsi vinavyotegemea maji, jua, mchanga na sisi binadamu.

Wavuvi wetu wanayajua mengi ya haya. Chukueni samaki anayeitwa kikande. Kikande ana meno magumu, na anakula wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaotuchoma nyayo mwambani. Kikande akivuliwa mpaka akaisha, wale wa miiba huongezeka. Wakiongezeka, hula majani ya baharini na kuukwangua mwamba. Majani yakiisha, tafi anakosa malisho na maficho. Basi mvuvi wa dema anarudi na dema tupu, wala hajui kwamba habari ilianza kwa kikande. Watafiti wameyaona mambo haya kwenye miamba ya Kenya kwa miaka mingi.

Mwanafunzi akienda kaunti, kazi yake ya kila siku huwa kama hizi:

(a) Kupima mwamba. Anatandika utepe wa mita 10 juu ya mwamba, kisha anaandika kila kilicho chini ya utepe: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Mita 10 ni sentimita 1,000. Kama tumbawe hai kwa jumla limechukua sentimita 230, tunasema tumbawe hai ni asilimia 23 ya mstari ule.

(b) Kupima majani ya baharini. Anaweka fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita na kukadiria ni sehemu gani imefunikwa na majani.

(c) Kupima mikoko. Anapima kiwanja cha mita 10 kwa mita 10, anahesabu miti na visiki, na kuandika kama ni mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, mlilana au muia. Unene wa shina hupimwa kwenye kimo cha sentimita 130 kutoka chini. Ule wenye mizizi inayotokea juu ya shina hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa.

(d) Kupima samaki bandarini. Chombo kikirudi, anauliza wamekwenda watu wangapi, kwa mtego gani, kwa saa ngapi, halafu anapima uzito na urefu wa samaki. Chombo cha watu wanne kikileta kilo 18, kila mvuvi amepata kilo nne na nusu. Hesabu hiyo ikifanywa kila mwezi, mwaka ukiisha unajua kama bahari inatoa zaidi au inapungua.

Kwa nini penseli, si kalamu? Kwa sababu wino ukilowa maji unafutika. Mambo madogo kama hayo ndiyo kijana anakwenda kujifunza.

3. KWA NINI KUHESABU?

Mtu anaweza kusema, "Mimi nimevua miaka 40, sihitaji kuhesabiwa." Ni kweli anaijua bahari. Lakini anayoyajua yako kichwani mwake, na siku akilala hakuamka, yanakwenda naye.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa. Kila mvuvi aliona. Lakini walioweza kusema kwa hakika ni kiasi gani kimekufa, na baadaye kiasi gani kimerudi, ni wale waliokuwa wamehesabu kabla ya mwaka huo. Asiyehesabu leo hatakuwa na la kulinganisha kesho.

Mfano mwingine uko Gazi, kaunti ya Kwale. Tangu mwaka 2013, wananchi wa Gazi na Makongeni kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 za mikoko na kupata pesa kwa sababu miti ile inahifadhi hewa ya ukaa. Pesa hizo zimesaidia maji na shule. Sasa tujiulize, mnunuzi wa mbali alijuaje kwamba miti ipo na inakua? Miti ilipimwa, mmoja mmoja, kiwanja kwa kiwanja. Bila daftari lile, mikoko ingekuwa ni kuni tu machoni pa watu.

Na kule Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wanakijiji waliamua mwaka 2005 kufunga sehemu ya bahari yao wasivue hapo. Kufunga sehemu ya uvuvi ni jambo zito kwa mwenye njaa. Watu huendelea kukubali wakiona kwa macho na kwa hesabu kwamba samaki wanarudi.

4. KAUNTI INAINGIAJE?

Katiba ya mwaka 2010 iliziweka kazi kadhaa za uvuvi mikononi mwa kaunti, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Kaunti zenye bahari ni tano: Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu. Ndiyo maana ofisi ya uvuvi ya kaunti ni mahali pazuri pa kijana kujifunza. Iko karibu na bandari zetu, na maofisa wake hufanya kazi na kamati za usimamizi wa fuo, zile tunazoziita BMU, zilizowekewa kanuni mwaka 2007.

Lakini kaunti haiko peke yake. Mbuga za baharini, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, ziko chini ya Shirika la Wanyamapori. Utafiti wa bahari ni kazi ya taasisi ya KMFRI, yenye makao Mombasa. Mikoko nayo inahusu Huduma ya Misitu. Kijana aulize mapema: kazi yangu itafanyika wapi, na ruhusa ya mahali hapo inatoka ofisi gani? Asije akakamatwa na mgambo hali ana utepe mkononi.

5. MAJIRA YETU SI YA ULAYA

Huko Marekani na Ulaya wanafunzi hufanya kazi za namna hii wakati wa kiangazi chao, Juni hadi Agosti, jua linapowaka na maji yamepata joto. Vitabu vingi vya masomo haya vimeandikwa huko. Kwetu miezi hiyo ni kusi. Upepo ni mkali, mawimbi ni makubwa na maji yamechafuka. Kijana akitaka kupima mwamba wa nje mwezi wa Juni, nahodha atamcheka.

Kwa hiyo kazi ipangwe kwa majira yetu. Wakati wa kusi afanye mikoko, apime samaki bandarini, na ashuke ufuoni siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali. Mwamba wa nje ungoje kaskazi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Mzee yeyote wa pwani anajua haya. Mwambieni kijana awaulize wazee kabla ya kuandika mpango wake.

6. HABARI YA MALIPO

Tutofautishe mambo mawili. La kwanza ni mafunzo ya kazini ya mwanafunzi aliye bado chuoni. Haya mara nyingi hayana malipo. La pili ni uanagenzi, ambao kwa kawaida ni wa aliyekwisha kuhitimu, na huwa na posho ya kila mwezi. Matangazo ya nafasi za kaunti hutolewa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Someni tangazo vizuri mjue ni lipi kati ya hayo mawili.

Kwa nini tunasisitiza posho? Si uroho. Nafasi isiyo na posho huenda kwa mwenye mjomba mjini. Mtoto wa mvuvi anabaki dukani, na bahari ya mvuvi inahesabiwa na mtu asiyejua tofauti ya tafi na pono. Hasara hiyo ni ya kijana, na ni ya kaunti pia.

Kabla ya kuanza, kijana aombe barua yenye mambo haya:

- Tarehe ya kuanza na ya kumaliza.
- Posho ni kiasi gani, au kama haipo, nauli na chakula siku za kazi za nje vinatoka wapi.
- Msimamizi wake ni nani.
- Bima ya ajali.
- Vifaa: utepe, jaketi la kuokolea, viatu vya majini. Nani ananunua?
- Atapewa cheti au barua ya ushuhuda mwishoni?

Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Aulize kwa heshima na aandike majibu.

Tahadhari mbili. Kwanza, nafasi ya serikali haiuzwi. Mtu akisema, "Toa kitu kidogo nikuwekee jina," huyo ni mwizi. Pili, hakuna mtu anayeingia majini peke yake, hata akiwa hodari wa kuogelea. Wawe wawili au zaidi, na pwani abaki mtu anayejua watarudi saa ngapi.

7. TURUDI KWA BINTI YETU

Kikundi kilimshauri binti arudi ofisini akaulize. Akaenda na ile hesabu imeandikwa vizuri. Ofisa alimsikiliza, akasema kuna kazi ya kupima samaki ambayo ina fungu la posho, shilingi 10,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni shilingi 30,000. Zilipungua 5,100.

Kikundi kikakubali kumkopesha zile 5,100, arudishe akipata kazi. Lakini mzee mmoja akasimama. Yeye anavua kwa juya, na juya lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001.

"Mwanangu," akasema, "nakutakia heri. Lakini nataka kujua. Tukikulipia nauli, utakuja kuniandika jina langu unipeleke kwa wakubwa?"

Binti akajibu, "Babu, nitaandika samaki na mtego. Jina la mtu halimo katika fomu yangu. Lakini siwezi kuandika dema mahali nilipoona juya. Nikidanganya, hesabu yote ni bure."

Mzee akakaa. Hakufurahi, lakini alijua anaambiwa kweli. Tangu siku ile wakakubaliana mambo matatu: binti ataomba ruhusa kabla ya kupima samaki wa mtu, hataandika jina wala kupiga picha ya uso wa mtu, na mwisho atarudi kuwasomea wanakijiji alichokipata, kwa Kiswahili, katika karatasi moja.

Mwezi wa Agosti akarudi. Akasoma: kila mvuvi anapata kilo kadhaa, chini kuliko wavuvi walivyokumbuka. Yule mzee ndiye aliyeinua mkono kwanza.

"Umehesabu wakati wa kusi," akasema. "Wakati huo tunavua huku ndani tu. Ukihesabu kaskazi utapata mengine. Usiende kuwaambia wakubwa kwamba huo ndio mwaka mzima."

Binti akachukua penseli akaandika juu ya karatasi: "Hesabu ya kusi pekee." Kisha wakapanga kwamba BMU itaendelea kupima siku mbili kila mwezi mpaka kaskazi iishe, na yeye atakuwa anakuja mwisho wa wiki kuangalia daftari. Mzee akajitolea kushika mizani.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuwa mtoto wa nyumbani.

8. ZOEZI LA KIKUNDI

Nendeni ufuoni siku ya bamvua, au msituni, au hata kwenye malisho.

Hatua ya kwanza: Tandikeni kamba ya mita 10. Mmoja apite akisema kilicho chini yake kila baada ya nusu mita, mwingine aandike. Mkianzia kwenye nusu mita ya kwanza, mtapata alama 20.

Hatua ya pili: Hesabuni. Kama majani yalitajwa mara 7 kati ya 20, hiyo ni asilimia 35.

Hatua ya tatu: Hamisheni kamba hatua 20 mrudie. Majibu yatatofautiana. Ndiyo maana mstari mmoja hautoshi, na mtaalamu hupima mingi.

Hatua ya nne: Andikeni tarehe, mahali, hali ya maji na majina ya waliopima. Wekeni daftari kwa katibu. Rudini mahali pale pale baada ya miezi sita.

9. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kuna kijana wenu aliyeacha nafasi ya kujifunza kazi kwa kukosa nauli? Ingegharimu kikundi kiasi gani kumsaidia?
2. Watafiti wangapi wamepita kijijini kwenu, na ni wangapi walirudi kuwaeleza walichokiona?
3. Kama mngekuwa kwenye mkutano ule, mngemjibuje yule mzee wa juya?
4. Mnataka kijana wenu awahesabie kitu gani kwanza, na kwa nini?

KAZI YA NYUMBANI: Katibu aandike barua fupi kwa ofisi ya uvuvi ya kaunti, au ofisi ya mazingira kwa walio bara, aulize mambo mawili tu: nafasi za mafunzo hutangazwa lini, na zina posho au la. Jibu lisomwe mkutano ujao mbele ya vijana wote.